Chombo cha Mwezini cha Fundi Bati

Mikidadi bin Mwinyijuma alikuwa fundi bati, na kama uliishi Bagamoyo miaka ile huna haja ya kuambiwa zaidi. Maji uliyooga asubuhi yalitoka katika ndoo yake, koroboi uliyowasha jioni aliilehemu yeye, na mvua iliyonyesha juu ya paa lako iliteremka kwenye mifereji aliyoikunja kwa mikono yake. Alikuwa mtu mfupi, viganja vimejaa makovu madogo madogo, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi hupindua kila chombo cha bati anachokiona, atazame kitako chake ajue ni kazi ya nani. Kama si kazi yake, alisikitika kwa sauti, mwenye nyumba akisikia.

Ufundi huo aliurithi kwa baba yake. Kwa baba huyo huyo alirithi jambo la pili, lililomsumbua kuliko bati lote alilopata kulikunja, nalo ni chama cha ngoma.

Mji wakati ule ulikuwa umegawanyika pande mbili, wala sisemi siasa. Kulikuwa na chama cha Nyota Njema na chama cha Pambazuko, na mtu alizaliwa katika kimoja kama alivyozaliwa na pua yake. Walikuwa na sare nyeupe, tarumbeta, na vyeo vya kijeshi ambavyo jeshi lenyewe lingeviona vingi mno. Kila Idd pili, kila chama kilileta uwanjani kitu cha ajabu kilichoundwa na watu wake, na wazee watatu walikaa vitini kuamua nani kamshinda mwenzake. Enzi za baba zao zilikuwa manowari za mbao na magunia. Walioshinda walitamba mwaka mzima. Walioshindwa walijifunza kupita vichochoroni.

Mikidadi alikuwa Nyota Njema tangu tumboni mwa mama yake. Mkewe, Mize, alikuwa Pambazuko, tena si Pambazuko wa pembeni. Alikuwa Bibi Afisa, mkubwa wa wanawake wote wa chama chao, cheo alichoachiwa na marehemu mama yake. Wazazi walipowaoza hawakuliona hilo kuwa neno, maana nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Mwaka mzima watu walikula sinia moja, wakazaa na wakauguzana, na ilipokaribia Idd wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Taabu ilikuwa mahali pa kazi. Mikidadi alifanyia kazi uani kwake mwenyewe, kati ya jiko na kisima. Mwaka wa sitini na sita Nyota Njema waliunda gari moshi, Mize akaliruka kila alipokwenda kuteka maji, na siku ya Idd Pambazuko wakaja na gari moshi linalofuka moshi. Mwaka uliofuata Nyota Njema waliunda trekta, wenzao wakaja na trekta linalovuta jembe. Mwaka wa tatu ikawa ndege, na ile ya Pambazuko ilikuwa na pangaboi linalozunguka. Tuseme ukweli, Mize hakupeleleza. Alikuwa na macho tu, na jiko lake liko pale pale.

Ndipo redio ilipotangaza, Julai ya mwaka wa sitini na tisa, kwamba watu wametua mwezini.

Mabarazani habari hiyo ilijadiliwa wiki nzima. Nusu ya watu walisema ni uongo mtupu. Nusu nyingine walisema ni kweli, lakini ni utovu wa adabu, mwezi tunaoungojea kwa heshima kila Ramadhani kwenda kuukanyaga na mabuti. Mikidadi hakutia neno mpaka siku aliyonunua vitumbua vikafungwa katika kipande cha gazeti chenye picha ya chombo chenyewe, kimesimama kwa miguu yake minne. Vitumbua akavisahau. Gazeti akalianika juani likauke mafuta, kisha akampelekea Mwinshehe, aliyekuwa karani wa mnada wa samaki saa za kazi na Jenerali wa Nyota Njema saa nyingine zote.

"Itazame mikunjo hii," akasema Mikidadi. "Zitazame ribiti hizi, misumari iliyobana bati. Jenerali, hii ni kazi ya fundi bati."

"Acha maskhara yako."

"Wallahi nakuapia. Kuna mtu huko Marekani amekaa uani kwake na mkasi na nyundo kama mimi, wakubwa wakamwendea wakamwambia fundi, tukunjie hiki. Na jina lake redioni hawakulitaja."

Hilo la jina lilimkera kwa dhati. Alilirudia siku nyingi baadaye, hata kwa watu waliokuja kununua ndoo tu.

Jenerali akapiga paja. Wataunda hicho hicho. Ila kwa Mize watakipitisha wapi? Wakafikiria banda la nazi, wakafikiria shamba la mjomba wake Jenerali kule Zinga, lakini kila walipopataja palikuwa na shangazi au shemeji wa Pambazuko. Mikidadi alikuwa anazungusha ndoo mkononi kama ilivyokuwa desturi yake akiwaza. Akaitazama ile ndoo.

"Jenerali," akasema, "ni nani anayeitazama ndoo?"

Hapo ndipo kilipozaliwa chombo kilichoitwa Mwendakimya, na ningependa wanaojisifu kwa ufundi wa kuficha mambo wamsikilize fundi huyu. Chombo kizima kingeundwa vipande vipande, na kila kipande kiwe kitu cha nyumbani, kiuzwe au kigawiwe, kikae mbele ya macho ya watu na kitumike mpaka siku yake. Pua ya chombo ilikuwa faneli kubwa ya kumiminia mafuta ya taa, na ilikwenda dukani kwa Mhindi aliyeifurahia sana. Miguu minne ilikuwa mifereji ya mvua, ikapigwa misumari katika mapaa manne ya mitaa mbalimbali. Mapezi yalikuwa sinia za mwuza mikate. Matundu ya moto yalikuwa ndoo sita za kuingiana, na zilitumika kutekea maji visimani mwa nyumba sita, tatu kati yake za Pambazuko. Chini ya kila kipande Mikidadi alitoboa nukta tatu kwa msumari ili akitambue. Asubuhi ya Idd pili vingekusanywa, vikapakwa masizi yaliyokorogwa na mafuta ya nazi visimeremete juani, na kuunganishwa bandani kwa muda wa saa mbili. Kulabu na vishikizo vyote vilikuwa vimepimwa tayari.

Kazi ilikwenda vizuri kuanzia Agosti mpaka Oktoba. Kila asubuhi Mize alipekua. Alitazama nyuma ya mapipa, chini ya kitanda, hata darini. Alikuta ndoo na mifereji, vitu alivyovizoea kwa miaka kumi na minane ya ndoa, na akawapelekea wenzake habari kwamba Nyota Njema mwaka huu hawana kitu. Aliwahakikishia mbele ya chama kizima, kwa jina la mama yake.

Lililobaki ni tumbo la chombo, na tumbo halikuwa na namna ya kuwa ndoo. Lilikuwa sanduku la bati, refu pima moja kasoro shubiri, lenye mfuniko wa kukunjuka na kulabu nane, nne juu na nne chini, za kushikia pua upande mmoja na miguu upande wa pili. Mikidadi alilitia kila alichokijua. Kingo alizikunja mara mbili, pembe akazilehemu zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Alikuwa analisugua kwa majivu Mize alipotoka jikoni na beseni la mihogo, akasimama.

"La nani hili sanduku?"

Alikuwa amejitayarisha kusema ni la mfanyabiashara wa Pangani. Lakini mkewe alikuwa na ndugu Pangani, na alikuwa na ndugu Saadani, na Zinga, na popote ambapo ulimi wa Mikidadi ungekimbilia. 

"Lako," akasema.

 Mize aliweka beseni chini. Akalipapasa sanduku juu ya mfuniko, akapita na kidole kwenye pembe moja, kisha ya pili. Katika miaka kumi na minane mtu huyu alikuwa amewafanyia kazi watu wote wa mji, na mkewe alikuwa akitekea maji kwa ndoo iliyozibwa kwa sabuni, akiambiwa kesho, nitakufanyia kesho. Nguo zake zilikaa katika kasha la mbao lililoliwa na mchwa.

"Na hizi kulabu ni za nini, Baba Dija?"

"Mapambo."

"Yamependeza," akasema Mize, akarudi jikoni, na Mikidadi akamsikia anaimba.

Jenerali alipoambiwa alivunjika mbavu kwa kicheko. Akasema hapajatokea maficho kama hayo tangu ngoma zianze, tumbo la chombo cha Nyota Njema chumbani mwa Bibi Afisa wa Pambazuko, na nguo zake mwenyewe ndani! Siku ikifika Mize atakuwa kwa wenzake, Mikidadi atamwaga nguo kitandani na kulichukua. Mikidadi naye alicheka. Alicheka vizuri tu siku hiyo.

Lakini Ramadhani ikaingia. Mize alikuwa mpishi siku zote, ila mwezi huo alizidisha. Uji wa pilipili manga ulikuja na tambi, tambi zikaja na mkate wa kumimina, na kila magharibi alimkaribisha mumewe kwa jina la heshima ambalo alikuwa hajalisikia tangu Dija, binti yao, alipokuwa mchanga. Mikidadi alifuturu macho yametazama mkeka. Akijaribu kusema, huishia kuomba tende nyingine. Alijiambia atamfanyia sanduku jingine, zuri zaidi, baada ya Idd. Hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Siku ya Idd mosi nyumba ilijaa wanawake waliokuja kupeana mkono wa Idd, na Mize hakumwacha hata mmoja aondoke bila kuingizwa chumbani. Mikidadi, amekaa ukumbini na kahawa yake, alisikia yote. Alimsikia Mwanvita, jirani yao na Pambazuko wa kufa na kupona, akitoka huku anapiga vigelegele.

"Shemeji, Idd njema. Umemwonyesha mwenzetu heshima. Sisi tulikuwa tunasema ndugu yetu kaolewa na mtu wa kazi tu. Leo tumefunga midomo."

Mikidadi akaitikia, akakiinamia kikombe chake cha kahawa.

Asubuhi ya pili mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Vijana wa Nyota Njema walipanda mapaani wakang'oa mifereji, ndoo zikaazimwa kwa visingizio vya harusi, na Mhindi akaitoa faneli yake kwa shingo upande. Mize alikwisha toka, amevaa sare na mkanda wake wa cheo. Mikidadi akaingia chumbani, akafungua sanduku.

Alikuwa hajapata kulifungua tangu alipolikabidhi. Ndani, upande wa mfuniko, Mize alikuwa amebandika kitambaa cha waridi kwa gundi ya unga, na juu yake ameshonea kifuko cha udi. Khanga zimekunjwa jozi jozi. Kuna vazi la harusi yake, kuna viatu vya kwanza vya Dija, kuna kitana cha pembe cha marehemu mama yake. Mtu aliyeishi naye miaka kumi na minane alikuwa na vitu hivi vyote, na yeye, fundi wa vyombo, hakuwahi kuuliza vinakaa wapi. Akaona wazi kitakachotokea alasiri. Wanawake wote walioliona sanduku jana watalitambua leo likiwa tumbo la chombo cha adui. Watajua halikuwa zawadi. Watasema Bibi Afisa alikula yamini kwamba hakuna kitu, kumbe kitu kilikuwa chumbani mwake. Mize hataweza kuinua uso, na hatakuwa amefanya kosa lolote ila kumwamini mumewe.

Nyota Njema walikuwa wameshindwa miaka mitatu. Baba yake alikufa akikitaja chama hicho. Mikidadi alisimama pale, anapenda kushinda kama mtu yeyote anavyopenda, na aliona uchungu wa kweli wakati anaufunga mfuniko.

Akarudi bandani mikono mitupu.

"Sanduku halipatikani," akamwambia Jenerali.

"Limekwenda wapi?"

"Lipo. Ila halipatikani."

Jenerali alimtukana kwa vyeo vyote. Mwishowe wakafunga fito mbili kati ya pua na miguu, na Mwendakimya akaingia uwanjani na pengo katikati, unaona watu wa upande wa pili.

Hata hivyo alipendeza! Mweusi tii, kimo cha watu wawili, na hakuna aliyewahi kukiona hata kipande chake, au ndivyo walivyodhani. Pambazuko walikuwa wamekuja na meli ya abiria yenye bomba la moshi, wakajiona wamemaliza. Jenerali akapanda kiti.

"Chombo hiki kimekwenda mwezini mara tatu," akanguruma, "na hakuna Mmarekani wala Mrusi wala Pambazuko aliyekiona! Mwataka kujua kwa nini? Kwa sababu mlikuwa mnakitekea maji!"

 Mtu akapiga kelele, "Sinia zangu!" na mwingine, "Mfereji wangu ule!" na Mhindi akanyoosha kidole kwenye pua. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, wazee watatu wakajishika mbavu. Nyota Njema walikuwa na ushindi mkononi mpaka Mwanvita aliposimama upande wa Pambazuko.

"Kina pua, kina miguu! Tumbo kimelisahau huko huko mwezini?"

Kicheko kikageuka upande. Jenerali akamtazama Mikidadi. Mikidadi alikuwa akitazama chini.

Mize alikuwa mstari wa mbele. Wenzake walikuwa wameanza kumnong'ona, Bibi Afisa aliyeapa hakuna kitu, na yeye hakuwasikia. Mke wa fundi bati hujua kusoma bati. Alikuwa akitazama vishikizo vinane vilivyoning'inia bila kazi, vinne juu na vinne chini, na urefu wa lile pengo, pima moja kasoro shubiri. Uso ukamshuka. Kisha, taratibu, ukabadilika, kwa sababu alikwisha elewa jambo la kwanza na sasa alikuwa akilielewa la pili. Pengo lilikuwa tupu, na yule ambaye angelijaza kwa sanduku lake alikuwa amechagua kuliacha nyumbani, akasimama pale na haya zake.

Akageuka, akaondoka. Watu walidhani amekimbia aibu. Nyumba yao haikuwa mbali. Aliporudi alikuwa na sanduku kichwani, tupu, mkono mmoja umelishika, na hakupita kando. Alikata uwanja katikati, kutoka Pambazuko mpaka Nyota Njema, jambo ambalo hakuna mwanamke mwenye mkanda wa cheo aliyewahi kulifanya. Tarumbeta zikanyamaza zenyewe. Akalitua mbele ya mumewe.

"Baba Dija," akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "sanduku hili ni langu. Nimepewa na mume wangu, na wanawake wote hapa ni mashahidi. Leo nakuazima. Lirudi kabla ya magharibi, na lisirudi na mkwaruzo." Kisha, kwa sauti ya wawili, "Na mimi na wewe tuna mazungumzo."

Mikidadi aliingiza kulabu moja baada ya nyingine. Ziliingia zote nane.

Wazee watatu walijitenga wakashauriana. Waliporudi walisema kwamba chombo hiki kimeletwa na vyama viwili, kwa hiyo hawawezi kumpa ushindi yeyote, na mwaka huo mzima hakuna aliyetamba. Pande zote zilikasirika sawasawa. Pambazuko walimtaka Mize avue mkanda pale pale uwanjani na haukurudi kwake kwa miaka miwili. Aliufungua mwenyewe, akaukunja, akamkabidhi Mwanvita.

Jua lilipoanza kuinama Mikidadi alilichomoa sanduku. Alilifuta masizi kwa kanzu yake ya Idd, kanzu nyeupe, ikaharibika. Vijana wakataka kumpokea, akawakatalia. Akajitwika kichwani mwenyewe, yeye mtu mfupi na sanduku la pima, akamfuata mkewe aliyekwisha tangulia.

Njia nzima watu walitoka milangoni kutazama.

"Fundi, leo umekuwa hamali?" mmoja akamtania.

"Wa mke wangu," akajibu Mikidadi, jasho la masizi linamtiririka shingoni, na hakuona haya hata kidogo kulisema.

Mize, hatua ishirini mbele, alisikia. Hakugeuka. Bado alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Lakini alipunguza mwendo.